Wa Tisa Akianguka

Atupakisye alimfahamu baba mkwe wake kwa vipande. Alikijua kikohozi chake, kile kikavu cha asubuhi na kile kizito cha jioni. Aliijua fimbo yake, jinsi ilivyogonga jiwe la mlangoni kabla ya mguu kufuata. Nguo zake alizijua kuliko fundi aliyezishona, kwa kuwa ndiye aliyezifua: shati lililolika ukosi upande mmoja, suruali iliyochakaa goti la kushoto. Harufu ya tumbaku yake ilipita kwenye nyufa za ukuta ikamkuta jikoni. Sura yake, hapana. Tangu aolewe na kuletwa Kisondela hakuwahi kumtazama mzee yule usoni, na ungempangia wazee kwenye benchi la kanisa ukamwambia achague aliyemzaa mumewe, angebaki anatazama viatu.

Msicheke. Wanyakyusa wa zamani ndivyo walivyoishi: mke wa mwana na baba wa mume ni watu wa kukwepana. Hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake. Siku hizi wengi wameacha. Mabinti wa Tukuyu mjini wanakaa na wakwe zao sebuleni, wanaangalia mpira na kupokezana bakuli la karanga. Lakini ziko nyumba ambazo mila hiyo haijatoka, na ya mzee Lazaro ilikuwa mojawapo. Wala usidhani mzee alikuwa mkali. Aliyeikaza kamba alikuwa mkewe, marehemu mama Prisca, mwanamke wa misimamo, na alipokufa akaiacha mila ndani ya nyumba pamoja na masufuria yake. Nani wa kuthubutu kuitoa?

Basi Atupakisye akaishika. Akisikia fimbo inakuja njiani, aliingia migombani akageuka nyuma mpaka ipite. Jina la Lazaro likisomwa kanisani, yeye alibana midomo. Chakula alikipeleka mpaka kwenye kigoda nje ya mlango wa mzee, akakohoa, akaondoka. Mzee akitoka anakuta sahani inafuka moshi na mtu hayupo. Kwa watu wenye watoto, mtoto ndiye mjumbe kati ya mkwe na mkwe. Atupakisye hakuwa na mtoto. Kwa hiyo mjumbe wao alikuwa mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Popi, mbwa wa hovyo, sikio moja limening'inia, mwizi wa mayai. Mzee akiwa upande wake wa ukuta alisema, "Popi, mwambie mama wa jikoni, leo ndizi za mbalaga zimekolea chumvi." Na Atupakisye akiwa upande wake alijibu, "Popi, mwambie baba, nimesikia, kesho nitapunguza." Popi alilala katikati anajikuna viroboto. Mambo ya nyumba ile yote, mvua, parachichi, mchumo wa chai, homa na misiba, yalipita juu ya kichwa cha mbwa yule ambaye hakuwahi kufikisha hata salamu moja.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo na mianzi. Mkewe alipofariki, mzee alihama nyumba kubwa akaja kuishi kwenye chumba kilichoshikana na jiko, kwa ajili ya joto. Baridi ya Rungwe mnaijua. Inamfuata mzee mpaka ndani ya mifupa. Jiko upande huu, kitanda upande ule, mlango wake ukitazama migomba. Kwa hiyo kila Atupakisye alichosema jikoni, mzee alikisikia. Na Atupakisye jikoni alisema mambo ya ajabu.

Ilianza kwa Gidion, fundi simu wa pale stendi ya Tukuyu. Atupakisye alimpelekea simu iliyopasuka kioo, ambayo Ezron mumewe alimwachia alipokwenda machimboni Chunya. Akiwa anasubiri, akamkuta Gidion anagombana na vijana wenzake mpaka mate yanaruka, na ugomvi wenyewe haukuwa wa siasa wala mpira. Walikuwa wanabishana kuhusu viumbe wa hadithi: huyu anavunja jiwe, yule anavunja mlima, mwingine anapuliza dunia ikazimika kama mshumaa, je, nani anampiga nani? Walikuwa na kundi la wasapu kwa kazi hiyo, linaitwa Mizani ya Nguvu, watu wazima na ndevu zao. Atupakisye akasikiliza, kisha akawauliza kwa upole, "Na yule aliyechora hao wote, yeye mnampima wapi?"

Gidion akashusha bisibisi. "Dada, huyo hapimiki. Yuko juu ya karatasi. Mchoro hauwezi kumpiga mchoraji." Na palepale akamweleza habari za matabaka, kwamba wako viumbe wanaoishi kwenye bapa kama kivuli ukutani, tuko sisi tulio na mbele, ubavu na juu, halafu wako wa juu yetu ambao kwao sisi ndio vivuli. "Chovya vidole kwenye beseni," alisema Gidion. "Mdudu anayeelea juu ya maji hauoni mkono wako. Anaona viduara tu. Ukisogeza mkono anadhani viduara vinatembea. Hajui kuna mtu."

Atupakisye akarudi Kisondela na neno lile kifuani. Wenzake waliona ni mambo ya vijana wasio na kazi. Yeye alielewa kuliko wote, kwa sababu alikuwa anaishi na kiumbe wa namna hiyo nyuma ya ukuta. Kikohozi ni kiduara. Fimbo ni kiduara. Shati lililolika ukosi ni kiduara. Mkono wenyewe hajawahi kuuona.

Akaanza kutunga. Alirekodi sauti yake jikoni huku anamenya ndizi, akaituma kwenye lile kundi, na watu wakaipenda kupita kiasi. Hadithi yake ilikuwa na matabaka tisa. La kwanza wanaishi kwenye mstari mmoja, hawawezi kupishana. La pili ni bapa. La tatu ni sisi. Wa nne anaona kilicho ndani ya debe bila kulifungua. Wa tano anashika jana na kesho mkono mmoja, kama mchumaji anavyoshika majani ya chai. Wa sita, wa saba, wa nane, kila mmoja akimwona wa chini yake kama mchoro. Na juu kabisa yuko Wa Tisa, ambaye akiwaza jambo limekuwa, na ambaye jina lake la pili ni Asiyetazamwa. Sheria ilikuwa moja: wa chini akimtazama wa juu yake, kizazi chake kinakatika palepale.

Sheria ile hakuitoa hewani. Mama yake mzazi, kule Matwebe, alimwambia siku anaolewa: "Mkwe ukimtazama kabla hajakuachilia, tumbo linafunga." Mwaka uliofuata Atupakisye alikata kona ya njia ya kisimani, akamwona mzee kwa nyuma, mgongo tu, ameinama anafunga kiatu. Mwezi huohuo mimba yake ya kwanza ikatoka. Muuguzi zahanati alimwambia mambo haya hutokea, wala si kosa la mtu. Atupakisye alimshukuru na hakumwamini. Mgongo tu, na mtoto akaenda. Uso je?

Mzee Lazaro alisikiliza kila sehemu. Mwanzoni alikaa kimya, halafu Atupakisye akaanza kusikia kicheko kidogo nyuma ya ukuta, kile kicheko cha mtu anayemeza moshi wa tumbaku. Siku moja ikaja sauti: "Popi, mwambie mama wa jikoni, huyo Wa Tisa anakula nini?"

Atupakisye akaacha kumenya. Vijana wote wa Mizani ya Nguvu walikuwa wameuliza Wa Tisa anaweza kuua nini. Hakuna aliyeuliza anakula nini.

"Popi, mwambie baba, Wa Tisa hali."

"Mwambie ananidanganya. Kila mwenye mlango anasubiri sahani."

Kuanzia hapo wakawa watunzi wawili. Mzee alileta maswali, Atupakisye aliyapeleka kwenye hadithi, na kundini ubishi ukawaka. Je, Wa Tisa anasikia baridi? Ana mke? Akimkumbuka mkewe aliyekufa, si amekwisha kumfufua, maana akiwaza jambo limekuwa? Hilo la mwisho mzee aliliuliza taratibu. Atupakisye alitia kuni motoni, akajifuta macho kwa kanga, akasingizia moshi mbele ya mbwa. Alimpenda mzee yule. Tuseme waziwazi, maana neno hili watu hulionea haya: alimpenda kama baba, pengine kuliko baba yake aliyemzaa, ambaye alimwona usoni kila siku na hakuwahi kumuuliza anawaza nini.

Halafu, mwanzoni mwa masika, likaja swali lililoharibu kila kitu. Ezron alikuwa amekuja kwa wiki moja akarudi machimboni. Mzee alikuwa amedhoofika. Fimbo ilikuwa inaburuta badala ya kugonga, na sahani zilirudi nusu. Asubuhi moja akasema, "Popi, mwambie mama. Huyo Wa Tisa akianguka, nani anamwinua? Juu yake hakuna mtu. Na wa chini hawaruhusiwi kumtazama. Anabaki chini hivyohivyo?"

Atupakisye akalipeleka swali kundini. Lo, walivyochachamaa. Gidion akarekodi sauti ndefu akisema Wa Tisa haanguki, kuanguka ni tabia ya wenye uzito na yeye hana uzito. Mwingine akasema akianguka anajiwaza amesimama, basi amesimama. Mwingine akasema akianguka yeye matabaka yote yanaanguka naye, kwa hiyo hakuna chini ya kuangukia. Majibu mazuri ya watu wasiolea mgonjwa. Atupakisye akamsimulia mzee kupitia mbwa, na mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie hao ni watoto," alisema. "Mwambie atafute jibu lake mwenyewe."

Baadaye, siku hiyohiyo, sauti ya mzee ikaja tena, safari hii karibu sana na ukuta, kana kwamba ameegemeza shavu kwenye udongo. "Popi. Mwambie mama, mimi nimemwachilia. Nimezeeka. Aje anitazame, aniletee uji ndani, nimtazame na mimi nijue nani ananilisha. Mila ilikuwa ya mama Prisca. Mimi sina neno."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu aliambiwa, na kwa heshima. Kwa nini hakwenda? Katika nyumba ile kuachiliwa kulikuwa na taratibu zake: mwana awepo, kuku achinjwe, maji yamiminwe, baba amshike mke wa mwana mkono mbele ya mashahidi. Kupitia mbwa hakuhesabiki. Hilo la kwanza. La pili, hakulisema kwa mtu: siku zake zilikuwa zimepita hazijaja. Ezron aliondoka, na kitu kikabaki. Alikuwa ananyanyuka asubuhi anatapika nyuma ya migomba, halafu anashika tumbo na kuogopa hata kufurahi. Mgongo tu ulimchukua wa kwanza. Na lipo la tatu, hili lilimtesa baadaye kuliko mengine. Aliogopa kwamba akimwona, Asiyetazamwa atakwisha. Atabaki mzee mmoja wa Kisondela mwenye meno pungufu, na hadithi haitakuwa na wa juu.

"Popi," alisema, "mwambie baba, ndaga fijo, asante sana. Lakini tumsubiri mwanawe, aje tufanye kwa utaratibu."

Kisha mzee akasema, "Haya. Wa kusubiri ni mimi."

Ezron alipopigiwa simu alisema Pasaka. Machimboni, alisema, ukitoka shimoni mwenzako anaingia. Atupakisye hakumlazimisha, maana kumlazimisha kungetaka amwambie la tumbo, na la tumbo alilificha hata kwa Mungu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua ile ya Rungwe isiyo na haraka wala huruma. Majirani walikuwa wamekwenda msibani Kisiba, Beatrice wa nyumba ya chini na wengine wote, barabara ya mtaa tupu. Atupakisye alikuwa jikoni, ndizi motoni, anajiandaa kurekodi. Jibu alikuwa amelipata. Lilimjia akiwa anachuma chai, akacheka peke yake katikati ya matuta. Akasikia upande wa pili fimbo inaanguka. Halafu kitu kizito kikafuata, na ukuta ukatikisika, udongo kidogo ukamwagikia sufuria.

Popi akabweka. Kisha sauti. "Mama."

Hakusema Popi mwambie. Alisema mama, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza.

Atupakisye alizunguka nyumba mbio, mvua inampiga, akafika mpaka kwenye kigoda anachowekea sahani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani giza. Akasimama. Kanga aliivuta ikafunika macho, akageuza mgongo, na mgongo wake ukawa mlangoni.

"Baba," alisema. Hata yeye alimruka mbwa. "Umeumia?"

"Miguu imekataa. Ingia."

Akarudi kinyumenyume hatua moja, kisigino kikagusa kizingiti. Kikaishia hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mwimo wa mlango na wa kushoto umeshika tumbo, na ule wa kushoto ndio ulioshinda. Akatoa simu, akampigia Yussuph, kijana wa bodaboda wa Kisondela, mtu mwenye nguvu na anayeaminika, akamwambia mkwe wangu ameanguka, njoo upesi umnyanyue, umpeleke hospitali. Yussuph akasema anakuja, ila kilima kimekuwa uji wa tope, avumilie. Akampigia Beatrice, simu haipatikani. Akaita majirani kwa sauti mpaka koo likakauka, na migomba ikamjibu kwa matone.

"Yussuph anakuja, baba. Ataingia yeye."

"Mbali," mzee alisema. Sauti ilikuwa inatoka chini, imefunikwa, kama mtu anayesema ndani ya mto wa kulalia. Atupakisye aliisikia hivyo na hakujiuliza kwa nini. Alidhani ni maumivu. "Nisimulie basi. Wa Tisa."

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa kwenye kile kigoda, mgongo kwenye ukuta wa nje, mvua ikimchuruzika usoni chini ya kanga, akamsimulia baba mkwe wake mwisho wa hadithi. Alisimulia vizuri kuliko alivyowahi. Akasema: Wa Tisa alianguka. Wa Nane alisikia kishindo akaogopa, akasema, mimi ni nani nimtazame. Wa Saba vilevile. Kila mmoja akamsukumia wa chini yake, kazi ikashuka tabaka kwa tabaka mpaka ikamfikia yule wa mstari mmoja, asiye na nguvu hata ya kupinda kona. Naye hakuwa na cha kupoteza ila kizazi chake. Akapanda. Kila tabaka alilopita lilimuuma, maana alikuwa anapata ubavu ambao hakuwa nao, anapata juu ambayo hakuwa nayo. Akafika. Akafumbua macho. Na akamkuta Wa Tisa siyo mkubwa. Amelala chini, ana baridi. Akamshika kwapa, akamwinua, akamkalisha.

"Unasikia, baba?" alisema Atupakisye. "Wa chini kabisa ndiye aliyemwinua. Kwa sababu aliingia na macho wazi."

Ndani palikuwa kimya. Akasema moyoni, amepumzika, hadithi imemtuliza. Akaendelea kidogo, akamwambia jinsi Wa Tisa alivyopewa uji. Popi alikuwa ameacha kubweka, ameingia ndani, analia ule mlio mwembamba wa mbwa. Atupakisye alimkaripia anyamaze, asimwamshe mzee.

Yussuph alifika ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Pikipiki aliiacha chini ya kilima, akapanda kwa miguu. Akasema hodi, akaingia. Atupakisye akasikia anaita, "Mzee. Mzee wangu." Kisha akasikia kitu kinageuzwa. Halafu Yussuph akasema maneno ya dini yake, yale ya msiba, kwa sauti ya chini.

Alitoka akasimama mvuani. Hakujua mila ya nyumba ile yote, yeye ni wa watu wa duka la chini, kwao wakwe hawakwepani. Alimwona mwanamke amefunikwa kanga uso mzima, akamhurumia, akamwambia ukweli kama anavyoambiwa mtu mzima. "Shemeji, alilala kifudifudi kwenye mkeka, kati ya kitanda na ukuta. Blanketi lilimziba pumzi. Angegeuzwa tu."

Hakumaanisha ubaya. Mpaka leo Yussuph hajui alisema nini.

Ezron alikuja kabla ya Pasaka, kama ilivyobidi. Watu walijaa, wanawake wa chai na wazee wa kanisa, na kuku yule wa kuachiliana akachinjwa kwa ajili ya waombolezaji. Ilipofika kuaga mwili, mama mmoja wa ukoo akamshika Atupakisye bega akamwambia, nenda mwanangu, sasa unaruhusiwa. Akaenda. Akatazama.

Alikuwa mzee mdogo. Uso mwembamba, paji la uso la Ezron, sikio moja limesimama zaidi ya jingine. Midomo yake ilikuwa na kona ya kucheka. Na kwenye shavu moja kulikuwa na alama ya mkeka, mistari mifupi iliyopishana, iliyobonyea na kukataa kutoka hata walipomwosha. Wanawake walidhani Atupakisye amezimia kwa kilio. Hakuwa amezimia. Alikuwa ameinama anaisoma ile alama, na watu wa nyuma walimsubiri mpaka wakamvuta.

Tumbo halikufunga. Hilo nalo mlijue. Alimtazama uso mzima, macho makavu, kwa muda wote ule, na mtoto akakaa palepale, akaanza kucheza wakati wake ulipofika. Mwiko ule haukuwa na kitu. Majuto ni mjukuu, waliambiana wazee wetu, na huyu alitangulia kufika kabla ya yule wa tumboni. Ezron alipoambiwa alilia kwa furaha, akawatangazia ndugu, na wote wakasema mzee anarudi, akiwa wa kiume jina tunalo, hatuna haja ya kutafuta. Atupakisye akaitikia kwa kichwa. Atalitaja jina hilo asubuhi na jioni, la kuitia uji, la kukaripia, la kubembelezea, mpaka azeeke. Hakuna atakayemzuia.

Popi alilala mlangoni pa mzee, akakonda. Sahani Atupakisye aliendelea kupeleka siku kadhaa kabla ya kukumbuka.

Na kundini hawakujua lolote. Waliuliza mwisho uko wapi. Walimtumia alama za moto na vichwa vinavyolia. Wakabishana wenyewe, Wa Tisa anaanguka au haanguki, wakagawanyika pande mbili, wakatukanana, wawili wakatolewa. Gidion akamwandikia pembeni, dada tunakufa kwa hamu, malizia.

Jioni moja, ukuta wa jikoni kimya, ndizi zikitokota, akashika simu akabonyeza kurekodi. Hadithi ilikuwepo yote, neno kwa neno, kama alivyoisimulia kwenye kigoda. Haikutoka. Mdomo ulifunguka ukatoa neno moja ambalo haukuwahi kulitoa maisha yake yote.

"Lazaro," alisema. Akatuma.

Gidion akawa wa kwanza kusikiliza. "Huyu mpya, dada? Wa tabaka la ngapi?"

Atupakisye alikaa na swali lile mpaka ndizi zikaanza kushika chini. Kisha akaandika: "La tatu. Kama sisi."

"La tatu tu?" Gidion akajibu, na nyuma ya maneno akaweka uso unaocheka. "Basi huyo hata wewe unamwinua kwa mkono mmoja."